Chembe Iliyokataa Kufutwa

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanabishana dunia imetengenezwa kwa kitu gani, palikuwa na nchi ya milima, na kwenye bega la mlima mrefu kuliko yote palijengwa nyumba iliyoitwa Nyumba ya Vipimo. Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa kupima vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona kwa macho matupu.

Msicheke, sikilizeni kwanza. Chukua punje ya mahindi, uisage. Chukua unga wake, uusage tena. Saga mpaka jiwe lenyewe lichoke, bado hujafika. Chini kabisa, chini ya chini, ziko chembe. Nyingine zimetulia ndani ya punje, ndani ya jiwe, ndani ya mkono unaosaga. Nyingine zinaanguka kutoka juu kila saa, kama mvua isiyolowesha. Zinapita kwenye bati, zinapita kwenye ubao, zinapita kwa mama na kwa mtoto aliye mgongoni mwake, na hakuna anayeshtuka.

Walizinasa hivi. Walipaka vioo dawa, wakavifunga kwa kitambaa cheusi, wakavipandisha kileleni ambako mvua hiyo ni nzito. Baadaye vilishushwa na kuoshwa katika chumba cha giza. Chembe ikipita ndani ya dawa huacha nukta nyeusi, nukta baada ya nukta, kama nyayo za kuku kwenye majivu. Mtu akitazama kwa hadubini anaiona njia yake. Njia inayoyumba ni ya chembe nyepesi. Njia iliyonyooka ni ya nzito. Nukta zikisongamana, ujue chembe ilikuwa imechoka, inataka kusimama. Kwa kuhesabu nukta na kupima mayumbo, watu wa nyumba ile waliweza kusema: hii ina uzito huu, chaji yake ya umeme ni hii, iliishi muda huu, ikafa.

Na kila iliyopimwa iliandikwa ukutani. Ukuta wa ukumbi ulikuwa mrefu, mweupe, na kila chembe ilikuwa na mstari wake wa rangi nyeusi: jina, uzito, chaji, umri. Ya kwanza kabisa ilikuwa kielektroni, ambayo ndiyo iliyokuwa jiwe la mizani. Nyingine zote zilitajwa kwa kusema ni nzito mara ngapi kuliko hiyo. Mbele kule, karibu na dirisha, ilikuwepo protoni, nzito mara elfu moja mia nane na zaidi. Katikati palibaki nafasi tupu, na hapo Bwana Kajiru, Mkuu wa Nyumba, aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA HAPANA KITU.

Kajiru hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa kijana aliwahi kuandika chembe mpya mahali palepale, akaita watu wa milima mingine waje waione. Walipokuja wakakuta ni ukungu ulioota kwenye kioo. Walicheka mpaka wakalia. Kajiru alichukua kisu akaikwangua chembe yake mbele yao, na tangu siku hiyo akawa mtu wa sheria.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: kila njia ipimwe na watu wawili, na wa pili asijue wa kwanza amepata nini. Siku ya kipimo walikaa pande mbili za pazia, hawasalimiani, hawaombani hata chumvi, kwa kuwa nambari ikiponyoka mdomoni haikamatiki. Mtu wa pili akiambiwa kabla ya kupima, basi kioo hicho kimekufa kwake.

Sheria ya pili: yule ambaye chembe ni yake ndiye anayeipa jina, na siku anapoipa jina anapewa kiti cha kudumu ndani ya Nyumba. Akishakaa haondolewi tena, msimu uwe mzuri au mbaya. Jina moja, mtu mmoja, kiti kimoja.

Na kiti hicho ndicho Mbonea alichokitaka.

Mbonea alikuwa mwanamke wa msimu. Wanawake wa msimu waliitwa vioo vinapokuwa vingi, wakarudishwa makwao vinapokwisha. Alikuwa na binti mchanga, Nanjela, ambaye alifanya kazi naye akiwa amefungwa mgongoni. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi nchi za chini, na habari zake zilikwenda naye. Mwaka ule wanawake wengine wa msimu walikwisha rudishwa. Walibaki wawili tu, Mbonea na Namkunda, mtu mzima ambaye alikuwa amekuja na kurudishwa, amekuja na kurudishwa, tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Namkunda ndiye aliyemfundisha Mbonea kutazama. Ndiye pia aliyegundua kwamba Mbonea haendi kula mchana ili amalize kioo, akawa anachemsha maziwa na kuyaacha pale dirishani bila kusema ni ya nani.

Na tangazo lilikwisha tolewa: mwisho wa msimu ule ukuta utapakwa vanishi. Orodha imetimia, alisema Kajiru. Baada ya hapo hakuna chembe itakayoongezwa, na hakuna mwanamke wa msimu atakayeitwa.

Sasa, vioo vya mwisho vilikuwa bado kileleni, na aliyevilinda aliitwa Mrutu.

Mrutu alikuwa mpagazi, mtu wa maneno mengi na miguu mizuri. Mawingu yalipoanza kujikusanya, Kajiru alituma ujumbe juu: shukeni wote, leteni vioo. Wenzake wakafunga mizigo. Mrutu akasema, "Vioo hivi bado havijashiba. Mkivishusha leo mnashusha vioo vitupu."

"Mkuu amesema."

"Mkuu yuko kwenye moto wake. Nendeni mkamsalimie."

Wakaenda, wakamwacha. Theluji ikaja na upepo wake. Vioo vile vikiganda dawa inapasuka, kwa hiyo Mrutu alichukua blanketi lake akavifunga vioo, akachukua na soksi zake akazichomeka kwenye pembe za sanduku, akakaa hapo akiviimbia na kuvitukana. Alipofika chini alikuwa anachechemea. Mlangoni alimwona Nanjela kwanza, akamshika shavu kabla hajaomba maji ya kunywa, na Mbonea aliliona hilo. Kisha akapelekwa zahanati, akakatwa vidole viwili vya mguu. Miguu mizuri ikaishia hapo, na kazi yake ya mlima ikaishia hapo.

Kioo kimojawapo cha vile alipewa Mbonea.

Alikitazama asubuhi, hakuona kitu cha ajabu. Alikitazama baada ya kumnyonyesha mtoto, na pembeni kabisa, mahali ambapo mtu mwingine angepita haraka, akaiona njia. Ilikuja imenyooka kidogo, ikaanza kuyumba, nukta zikasongamana, ikasimama. Na pale iliposimama ikavunjika, ikatoa njia nyingine nyembamba iliyokimbia kwenda upande wake. Mbonea alihesabu nukta. Akapima mayumbo. Akahesabu tena, kisha akaenda mbele ya Kajiru mtoto akiwa mgongoni.

"Umepata ngapi?" Kajiru aliuliza.

"Mia tisa sitini na sita, Mkuu. Zaidi au pungufu ya ishirini."

Kajiru aligeuka akautazama ukuta, ingawa aliujua kwa moyo. "Hapo hapana kitu."

"Pana kitu. Nimekiona."

"Mama Nanjela, unaujua ukungu?"

"Naujua. Ukungu hauchoki. Hii ilichoka kabla ya kusimama, na ilipokufa ikazaa."

"Kapime tena."

Akaenda akapima tena. Nambari ikasogea kidogo, ikabaki palepale. Akarudi. Kajiru akasema kapime tena. Akaenda, akarudi, na safari hii hakusubiri kuulizwa.

"Ni ileile, Mkuu."

"Pima mpaka iwe."

"Mpaka iwe nini?"

Kajiru alivuta pumzi. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Nimeikwangua chembe mahali hapo kwa mkono huu. Watu walishika matumbo. Sitaki nikuone na wewe ukisimama pale nilipokuwa nimesimama. Sema ni protoni iliyokwaruzwa njiani, dawa imekosea, nitaipokea sasa hivi, nawe utamaliza msimu wako kwa amani."

"Siwezi kuinenepesha, Mkuu. Ina uzito wake."

"Basi ifute. Andika kwamba kioo ni kibovu."

"Sifuti," Mbonea alisema. "Ukitaka ifutwe, ifute wewe. Mimi nikiulizwa nitasema nimeiona."

Kajiru akasema, "Sheria ndiyo itakayoamua. Kioo kiende kwa Namkunda. Kesho anapima. Na asijue umepata nini."

Mbonea alitoka akiwa amevimba kwa hasira. Alikwenda uani nyuma ya jiko, akakaa juu ya gogo, akamtoa mtoto mgongoni. Nanjela alikuwa anaota meno, hataki ziwa, hataki mgongo, hataki dunia. Mama mwenye hasira humbembeleza mtoto kwa kile kilichomjaa, na kilichomjaa Mbonea kilikuwa kimoja. Akaimba:

"Mia tisa sitini na sita, lala mwanangu, lala. Hawataki uwepo, lala. Upo, upo, lala. Mia tisa sitini na sita, nani atakufuta?"

Wimbo ulikuwa mzuri. Mtoto akatulia, akaanza kusinzia. Mbonea akaurudia, kwa sauti kubwa kidogo, kwa jeuri kidogo, kana kwamba ukuta wa Kajiru unamsikia.

Aliyemsikia hakuwa ukuta. Namkunda alitokea mlango wa jikoni ameshika sufuria ya maziwa kwa kitambaa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tangu lini uko hapo, shangazi?" Mbonea aliuliza.

"Tangu maziwa yalipoanza kuchemka."

Mtoto alikuwa amelala. Namkunda alimimina maziwa kwenye kikombe, akakiweka chini karibu na mguu wa Mbonea, akakaa naye kwenye gogo.

"Hukusikia," Mbonea alisema.

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi usiseme. Nani anajua? Mimi, wewe, na huyu asiyejua kusema. Kesho kaa kwenye pazia lako, pima kwa haki yako. Macho ni yako."

"Macho ni yangu, lakini nambari yako imeshaingia ndani yake. Nikifika mahali nukta mbili zimegusana, niseme ni moja au ni mbili? Nitasema ile itakayokusaidia. Sitajua hata kwamba nakusaidia."

"Basi nisaidie. Kuna dhambi gani? Ninachosema ni kweli."

"Najua unaamini ni kweli. Mimi nakupenda mno kukupimia."

"Hayo si mapenzi," Mbonea alisema, na machozi yakamtoka. "Maziwa unaniletea kila siku, halafu siku ninayokuhitaji unaniletea sheria. Kaa na maziwa yako."

Namkunda aliinuka akaingia ndani. Maziwa hakuyachukua, na Nanjela alipoamka aliyanywa yote.

Kesho yake, mbele ya ukuta, wapishi, waosha vioo na wapagazi wote wakiwepo, Namkunda aliulizwa yuko tayari kupima. Akasema, "Siwezi. Nimeisikia nambari. Aliimba kumbembeleza mtoto, hakukusudia. Kioo kimekufa kwangu."

Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Rafiki kama huyu, adui wa nini?" Mbonea alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Kwa wiki nzima baada ya hapo hakuweza kumtazama Namkunda usoni.

Kajiru akasema, "Basi limekwisha. Mimi naijua nambari, siwezi kupima. Wenye viti wamezeeka, hawazioni tena nukta, na wanawake wengine wamerudishwa. Hakuna mtu wa pili."

"Yupo," Namkunda alisema.

"Nani?"

Namkunda alinyoosha kidole. Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa Mrutu na mguu wake uliofungwa, akila karanga. Alikuwa zahanati anabadilishwa bandeji wakati wimbo unaimbwa.

Watu wakacheka, na Mrutu mwenyewe akacheka zaidi yao.

"Mimi? Shangazi, mimi hata sindano nikiitunga natia uzi pembeni."

"Sheria inasema mtu wa pili asiyeambiwa," Namkunda alisema, akimtazama Kajiru bila kushusha macho. "Haisemi mwanamke wa msimu, wala mwenye cheo, wala mwenye vidole kumi. Kama inasema, Mkuu, nionyeshe."

"Hajui kupima."

"Atajua."

Kajiru alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilimbana yeye kama ilivyowabana wengine. Akasema, "Mpaka siku ya vanishi. Siku hiyo ikifika kabla hajajua, ukuta unafungwa."

Namkunda akaanza kumfundisha, kwa vioo vya zamani, vile ambavyo chembe zake zilikwisha julikana. Mwanzo ilikuwa kichekesho cha nyumba nzima.

"Shangazi, nimeiona. Ndefu, nyeusi, imejikunja."

"Hiyo ni kope yako."

"Hii nyingine?"

"Hiyo ni kope ya jicho la pili. Futa lenzi, kaa sawa, acha karanga."

Lakini Mrutu alikuwa na subira ambayo hakuna aliyeijua, kwa kuwa zamani subira yake ilikaa peke yake mlimani. Alijifunza kuhesabu nukta bila kuzitamani ziwe nyingi. Alijifunza kupima mayumbo, akakosea, akarudia, akamtukana aliyebuni hadubini, akarudia. Na siku zote hizo haikuruhusiwa Mbonea azungumze naye hata neno moja. Wala haikuruhusiwa aimbe. Nanjela akakataa kulala bila wimbo wake, akawa analia uani mpaka wapishi wanaziba masikio. Mrutu alipoliona hilo, kila alipopita uani alijijaza pamba masikioni, akageuza kichwa huku na huku ili Mbonea aione vizuri, akampungia mkono: imba tu, shemeji, leo mimi ni kiziwi. Mbonea hakuimba, hakuthubutu. Lakini alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya gogo.

Siku ya vanishi ikafika. Mafundi walikuwa wamekaa na ndoo zao. Asubuhi hiyo Namkunda alikiweka kioo kwenye hadubini, akasema, "Njia iko pembeni, utaiona," akatoka nje ya chumba, akafunga mlango akiwa upande wa nje. Mrutu alibaki peke yake humo, mafundi wakalalamika kwamba vanishi itaganda, Kajiru akawaambia wakoroge.

Mrutu alitoka akichechemea, macho mekundu.

"Umepata ngapi?" Kajiru aliuliza.

"Mia tisa themanini na moja. Zaidi au pungufu ya thelathini. Nilitaka nipate nambari iliyonyooka kidogo, Mkuu, lakini hiyo ndiyo iliyotoka."

Mbonea alishika kichwa. Alidhani amekosa, kwa kuwa yeye alisema sitini na sita. Lakini Kajiru hakumtazama. Alikuwa amefumba macho.

"Zingelingana kabisa," Kajiru alisema, "ningekivunja kioo kile kwa mkono wangu na kuwafukuza wote watatu. Zimekaribiana kama watu wawili wanavyokaribiana wanapotazama kitu kimoja kutoka milango miwili."

Akaomba kisu. Akaenda kwenye ukuta, akayakwangua maneno yake mekundu mwenyewe, herufi baada ya herufi, na hakumpa mtu mwingine kazi hiyo. Unga wa rangi ulimwangukia viatuni. Kisha akachukua brashi, akaichovya kwenye rangi nyeusi. Akaandika uzito, akaandika chaji, akaandika umri. Akabakiza mahali pa jina.

"Jina," alisema. "Chembe ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mrutu.

"Yangu," alisema Mbonea.

"Yangu," alisema Namkunda, na hapo ukumbi mzima ukamgeukia, kwa kuwa hakuna aliyemtegemea.

"Mmoja mmoja," Kajiru alisema.

Mrutu akasema, "Mimi niliambiwa nishuke, nikakataa. Ningetii, kioo kingeshuka kitupu, na leo mngekuwa mnapaka vanishi juu ya uongo. Vidole vyangu viwili nilivilipa hapo. Na si hivyo tu. Nambari ya kwanza bila ya pili ni uvumi. Ya pili ni ya nani? Nimeibeba mgongoni, nimeipima kwa jicho. Mlima sipandi tena. Mkininyima kiti mniambie nikakae wapi."

Mbonea akasema, "Pole ya vidole, shemeji, na ninaisema kwa moyo. Lakini chembe ilipita juu ya kichwa chako kule kileleni na haikukuamkia. Ilikuwa kioo tu mpaka nilipoiona mimi. Na nilipoiona niliambiwa niinenepeshe, nikakataa. Nikaambiwa niifute, nikakataa, na mtoto wangu mgongoni, na msimu unakwisha. Neno moja tu ningesema, protoni, nimepona, na ninyi nyote msingekuwa na cha kugombania leo. Kiti nakitaka. Sitajifanya sikitaki ili mnione mwema."

"Na wimbo wako ndio uliotaka kukiua kioo," Mrutu alisema.

"Na wewe ulivunja amri. Theluji ingezidi kidogo tungekupoteza wewe na vioo vyote. Tusihesabiane."

"Mmeanza kuhesabiana," alisema mpishi mmoja, na watu wakacheka.

Namkunda alisubiri kicheko kiishe. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Mimi sikubeba. Sikuona. Sikupima. Nilichofanya ni kukataa kupima. Yeye alikataa mbele ya Mkuu, na jambo hilo ni gumu. Huyu alikataa mbele ya theluji, na hilo ni gumu. Mimi nilikataa mbele ya huyu Mbonea, mwanangu ninayempenda, akilia, na hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba kuna cha kukataa. Ningenyamaza, nambari yangu ingelingana na yake, tena ingelingana vizuri mno. Mkuu, si umesema mwenyewe ungefanya nini? Kioo kingevunjwa, na hawa wawili wangefukuzwa pamoja nami. Na kama usingegundua, ukuta ungekuwa na kitu cha kweli kilichoingia kwa mlango wa uongo, na siku mtu wa mlima mwingine akija kuuliza tulipimaje, tungemjibu nini? Nikatafuta mtu wa pili pale mliposema hayupo. Nikamtengeneza kwa mikono yangu kutoka kwa mla karanga. Kiti hiki ninakitamani tangu Mbonea hajazaliwa. Leo ninakidai, na sioni haya."

Mbonea alimtazama. Alikumbuka kikombe cha maziwa karibu na mguu wake, na maneno aliyoyasema juu ya gogo.

"Nilikutupia neno baya siku ile, shangazi."

"Najua. Nililisikia hilo pia."

"Nimeliondoa. Lakini kiti sikuachii."

"Sijakuomba uniachie," Namkunda alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Ukiniachia nitakikataa. Nitakaa nikipewa haki yangu, si nikihurumiwa."

"Hapo umesema," Mrutu alisema. "Na mimi msinipe kwa sababu ya mguu."

Mtu mmoja nyuma akapendekeza wapewe wote watatu. Kajiru akatikisa kichwa. Ukuta una nafasi ya jina moja, kiti kina upana wa mtu mmoja, na kama wanashindwa kusema, basi mafundi wapake vanishi juu ya mahali patupu na wote watatu warudi makwao. Mwingine akapendekeza wapige kura ya vijiti. Wote watatu, kwa pamoja, wakasema hapana. Hawakufika pale kwa vijiti.

Nanjela aliamka mgongoni, akaanza kulia. Namkunda akanyoosha mikono kumpokea ili mama yake asimame vizuri na madai yake, na Mbonea akampa bila kugeuka, kwa kuwa alijua mikono hiyo ni ya nani. Wakasimama hivyo mbele ya ukuta, bega kwa bega, kila mmoja akimpinga mwenzake, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja.

Kajiru aliwatazama. Mzee wa sheria, na sheria zake zilikuwa zimemleta mpaka hapo zikamwacha. Rangi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye brashi, na pale mwanzo wa mstari palikuwa peupe.

Basi nanyi mliosikiliza, kamateni brashi hiyo kabla rangi haijakauka. Yule aliyekilinda kioo mpaka ikaanguka humo, na akaipima mara ya pili? Yule aliyeiona na akakataa kuifuta? Au yule aliyeacha kuipima ili iaminike? Na msiniambie wote watatu, maana Kajiru ameshalikataa jibu hilo. Kiti kile ni cha nani?